Kani ya sumaku kwenye kitanzi: jibu langu limekaribia la kitabu lakini mwalimu kanipa sifuri. Nimekosea wapi?

#1 MtotoWaMwanjelwa

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, narudia Fizikia ya kidato cha sita. Mchana nipo gereji ya pikipiki, usiku ndiyo nafungua daftari. Jana tuisheni nimepewa sifuri kubwa kama tairi kwenye swali ambalo naamini nimelipatia, au basi nimelikaribia. Nisaidieni kabla sijagombana na mwalimu wa watu.

Swali lenyewe: kuna waya mrefu ulionyooka, unapitisha mkondo wa 30 A. Pembeni yake, kwenye bapa hilohilo, kuna kitanzi cha mstatili cha sm 20 kwa sm 10 kinachopitisha 5 A. Pande za sm 20 ziko sambamba na waya. Upande wa karibu uko sm 2 kutoka kwenye waya, wa mbali uko sm 12. Mkondo kwenye upande wa karibu unaelekea kulekule unakoelekea mkondo wa waya mrefu. Tafuta kani inayofanya kazi kwenye kitanzi.

Mimi nikasema F = BIL. B ni nguvu ya uga wa sumaku (kwa tesla, T), I ni mkondo wa kitanzi. L ni urefu wa waya wa kitanzi, yaani mzingo mzima: 0.2 + 0.1 + 0.2 + 0.1 = 0.6 m. B inabadilika kadiri unavyokwenda mbali na waya, kwa hiyo nikachukua ya katikati ya kitanzi, sm 7:

B = 2 × 10⁻⁷ × 30 ÷ 0.07 = 8.57 × 10⁻⁵ T
F = 8.57 × 10⁻⁵ × 5 × 0.6 = 2.57 × 10⁻⁴ N

Jibu la nyuma ya kitabu ni 2.5 × 10⁻⁴ N. Tofauti haifiki hata asilimia 3! Mwalimu kachora mstari mwekundu juu ya kazi yote, kaandika "hujaelewa kitanzi". Sasa hapo sijaelewa nini?

#2 NyukiMkali

Mkuu umeonewa. Asilimia 3 ni kukadiria tu. Umechukua B ya katikati badala ya kufanya integresheni (kujumlisha kipande kwa kipande), ndiyo maana imepishana kidogo. Walimu wengine wanataka uandike kama walivyoandika wao ubaoni.

#3 Kibaraza_cha_Pwani

Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wataalamu. Mimi niliishia "sumaku ina ncha mbili", nikakimbilia mchepuo wa biashara.

#4 Mwl_Mstaafu

Kijana, hujaonewa. Na usimsikilize NyukiMkali, ingawa najua anakutakia mema.

Jibu lako limekaribia kwa bahati. Nitakuonyesha sasa hivi. Chukua kitanzi hichohicho, mikondo ileile, lakini kisogeze: upande wa karibu uwe sm 10 kutoka kwenye waya, wa mbali sm 20. Fanya kwa njia yako, halafu nitakuwekea jibu sahihi.

#5 MtotoWaMwanjelwa

Sawa mwalimu. Katikati inakuwa sm 15. B = 6 × 10⁻⁶ ÷ 0.15 = 4 × 10⁻⁵ T. F = 4 × 10⁻⁵ × 5 × 0.6 = 1.2 × 10⁻⁴ N.

#6 Mwl_Mstaafu

Jibu sahihi ni 3 × 10⁻⁵ N. Umezidisha mara nne kamili. Bado ni kukadiria?

#7 NyukiMkali

Duh.

#8 MtotoWaMwanjelwa

Mwalimu, nimekaa kimya dakika kumi naangalia hiyo namba. Naomba maelezo.

#9 Mwl_Mstaafu

Tatizo haliko kwenye B ya katikati. Liko kwenye mzingo. Kani ina mwelekeo, nawe umezijumlisha kani za pande nne kana kwamba zote zinavuta upande mmoja. Fikiria watu wanne wameshika mkeka, kila mmoja upande wake, kila mmoja anavuta kwa nje. Ukijumlisha jasho lao utapata namba kubwa, lakini mkeka uko palepale, umekazwa tu.

Sasa twende upande kwa upande. F = BIL inafaa kwa kipande kilichonyooka ambacho uga wa sumaku ni uleule urefu wake wote, na kinakatana na uga kwa nyuzi 90. Kama pembe si 90, zidisha kwa sini ya pembe hiyo. Pande zako ndefu zinatimiza masharti hayo, kwa sababu kila upande mrefu uko umbali uleule kutoka kwenye waya mwanzo hadi mwisho.

Upande wa karibu, sm 2:
B = 6 × 10⁻⁶ ÷ 0.02 = 3 × 10⁻⁴ T
F = 3 × 10⁻⁴ × 5 × 0.2 = 3 × 10⁻⁴ N. Mikondo inakwenda njia moja, kwa hiyo inavutana. Kani inaelekea kwenye waya.

Upande wa mbali, sm 12:
B = 6 × 10⁻⁶ ÷ 0.12 = 5 × 10⁻⁵ T
F = 5 × 10⁻⁵ × 5 × 0.2 = 5 × 10⁻⁵ N. Hapa mkondo umegeuka na kurudi, kwa hiyo unasukumwa. Kani inakimbia waya.

Toa: 3 × 10⁻⁴ − 0.5 × 10⁻⁴ = 2.5 × 10⁻⁴ N, kuelekea kwenye waya. Hilo ndilo jibu la kitabu, nalo lina mwelekeo. Wewe hukuandika mwelekeo popote, maana njia yako haijui kama kitanzi kinavutwa au kinasukumwa. Hapo tu ungeshtuka.

#10 MtotoWaMwanjelwa

Na zile pande fupi za sm 10? Zenyewe B inabadilika kutoka sm 2 mpaka sm 12. Mbona umeziruka?

#11 Bapa_na_Pembe

Ngoja nimpokee mwalimu hapo, mimi ni mwaka wa tatu uhandisi wa umeme, Mombasa.

Pande fupi zina kani, tena si ndogo. Lakini chukua kipande kidogo cha upande wa juu, tuseme kilicho sm 5 kutoka kwenye waya. Upande wa chini una pacha wake, naye yuko sm 5. Uga ni uleule, urefu uleule, ila mkondo unakwenda kinyume. Kwa hiyo mmoja anasukumwa juu, mwenzake chini, kwa kiasi kilekile. Kila kipande kina pacha wake, wanamalizana wote.

Ukitaka kuona ukubwa wake, hapo ndipo integresheni inaingia: 5 × 6 × 10⁻⁶ × ln(12 ÷ 2) = 3 × 10⁻⁵ × 1.79, inatoka kama 5.4 × 10⁻⁵ N kwa kila upande mfupi. Ni kubwa kuliko hata ya upande wa mbali! Lakini kwa kitanzi kizima haihesabiki, inakinyoosha tu juu na chini.

Kwa hiyo fomula fupi ya swali hili ni:

F = 2 × 10⁻⁷ × I₁ × I₂ × L × (1/a − 1/c)

a ni umbali wa upande wa karibu, c wa mbali. Mtihanini usiikariri peke yake, andika pande moja moja ndipo alama zinapopatikana.

#12 Mwl_Mstaafu

Umemaliza vizuri, Bapa. Niongeze kidogo kuhusu hiyo 2 × 10⁻⁷, maana wanafunzi huidhani imeanguka kutoka mbinguni. Ampia ilifafanuliwa kwa namba hiyo: nyaya mbili ndefu mno, sambamba, mita 1 kati yao, zikipitisha 1 A kila moja zinavutana kwa 2 × 10⁻⁷ N kwa kila mita. Ufafanuzi huo ulidumu mpaka tarehe 20 Mei 2019. Tangu hapo ampia inafafanuliwa kwa chaji ya elektroni, lakini kwa hesabu za darasani hakuna kilichobadilika. Mimi nimefundisha ule wa zamani miaka yote, na bado naupenda, kwa sababu unaweza kuuona kwa macho: nyaya mbili, zinavutana, basi.

#13 Fundi_Koili

Mimi nasuka mota, shule niliiacha njiani. Nimesoma uzi wote na nimebaki na kitu kimoja kinanikereketa. Kama upande huu unavutwa huku na upande ule unasukumwa kule mpaka wanamalizana, mota inazungukaje? Mle ndani nako si vitanzi vitupu?

#14 MtotoWaMwanjelwa

Fundi umeuliza swali langu la kesho!

#15 Bapa_na_Pembe

Fundi, kumalizana kuna namna mbili. Ukisukuma mlango wa duka kwa nje na mwenzako anasukuma kwa ndani palepale ulipo wewe, hauendi. Lakini shika usukani wa gari kwa mikono miwili: mkono mmoja unavuta chini, mwingine unapandisha juu, nguvu sawa. Ukizijumlisha ni sifuri, usukani haung'oki kwenda popote. Lakini unazunguka.

Kitanzi kikiwa ndani ya uga ulio sawa kila mahali, jumla ya kani ni sifuri daima. Daima kabisa, kiwe mraba, duara, pembetatu, au waya uliokunjwa ovyo kama tambi, ilimradi umefunga. Kinachobaki ni kani ya kuzungusha, yaani toki:

toki = N × B × I × A × sini ya pembe

N ni idadi ya mizunguko ya waya, A ni eneo la kitanzi. Pembe hupimwa kati ya uga na mstari uliosimama wima juu ya uso wa kitanzi, na hapo ndipo wengi huteleza, wanapima kutoka kwenye uso wenyewe.

Mfano: mizunguko 50, 2 A, B = 0.3 T, kitanzi cha sm 20 kwa sm 10, uso wake umelala sambamba na uga. Kila upande mrefu unapata 50 × 0.3 × 2 × 0.2 = 6 N, mmoja juu, mwingine chini. Kila mmoja uko sm 5 kutoka kwenye ekseli. Toki = 2 × 6 × 0.05 = 0.6 Nm. Jaribu kwa fomula: 50 × 0.3 × 2 × 0.02 = 0.6. Zimekutana.

#16 Fundi_Koili

Hapo nimekuelewa kuliko nilivyowahi kuelewa. Na ndiyo maana zile kaboni zinazoingiza mkondo kwenye kitanzi zipo. Kitanzi kikifika mahali uso wake umeutazama uga moja kwa moja, hakuna tena cha kuzungusha, inabidi mkondo ugeuzwe njia la sivyo kitarudi kilikotoka. Kaboni zikiisha kwenye stata ya pikipiki mteja anakuja analia betri imekufa, kumbe betri nzima.

#17 Mwl_Mstaafu

Fundi, umeeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Na angalia kitanzi chenyewe wakati uso wake umeutazama uga: kila upande unasukumwa kwa nje, au kwa ndani ukigeuza mkondo. Ule mkeka wangu wa watu wanne.

#18 NyukiMkali

Sawa nimekubali nilikosea kule juu. Ila nina swali la nusu duara. Kitanzi cha nusu duara, nusukipenyo 0.1 m, 4 A, uga 0.5 T umekiingia wima. Sehemu iliyopinda ina urefu wa π × 0.1 = 0.314 m, kwa hiyo 0.5 × 4 × 0.314 = 0.63 N. Sehemu iliyonyooka, kipenyo cha 0.2 m: 0.5 × 4 × 0.2 = 0.4 N. Mnasema jumla ni sifuri, mbona kwangu inabaki 0.23 N?

#19 Bapa_na_Pembe

Kosa lilelile la mleta uzi limevaa kanzu nyingine. Kwenye upinde kila kipande kinasukumwa upande wake, kwa hiyo hata ndani ya upinde wenyewe kuna kumalizana. Vya kushoto na vya kulia vinakatana, kinachobaki ni cha kwenda mbele tu. Ukifanya hesabu unapata 2 × B × I × R = 0.4 N. Sawasawa na kipenyo, kinyume chake. Jumla sifuri.

Ndani ya uga ulio sawa, waya uliopinda vyovyote hupata kani sawa na waya ulionyooka kati ya ncha zake mbili. Sasa kitanzi kilichofunga, ncha zake ziko wapi? Zimekutana. Umbali sifuri, kani sifuri.

#20 spika_za_uwani

Wakuu mimi nafunga spika, na hapa mnanichanganya. Sisi kwenye spika tunachukua urefu wote wa waya wa koili na kuuzidisha na sumaku. Hata karatasi za kiwandani zinaandika hicho kipimo, Bl, kwa tesla mita. Kwa mfano koili ya kipenyo mm 25, mizunguko 60: urefu wa waya ni 60 × 3.14 × 0.025 = mita 4.7. Sumaku ikiwa 1 T, ukipitisha 1 A unapata 4.7 N, na spika inasukuma kweli, si maneno. Koili ni duara lililofunga. Kwa maelezo yenu ilitakiwa iwe sifuri na dunia nzima isisikie muziki.

#21 MtotoWaMwanjelwa

Hahaha! Yaani njia yangu ya sifuri ndiyo inapiga muziki mjini?

#22 NyukiMkali

Nilijua tu. Nilikubali mapema mno.

#23 Mwl_Mstaafu

Spika, umeleta swali zuri kuliko yote humu, na hesabu yako ni sahihi. Wala haipingani na tulichosema.

Angalia sumaku ya spika ilivyoundwa. Katikati kuna nguzo ya chuma, ncha moja. Kuizunguka kuna bamba la chuma lenye tundu, ncha ya pili. Koili imekaa kwenye ule mwanya mwembamba wa mviringo katikati yao. Uga wa pale haukwendi njia moja. Unatoka kwenye nguzo kuelekea nje pande zote, kama mionzi ya jua anayochora mtoto wa chekechea. Upande wa kulia wa koili uga unaelekea kulia, upande wa kushoto unaelekea kushoto.

Sasa mkondo kwenye koili unapogeuka, uga nao umegeuka pamoja nao. Vyote viwili vimegeuka, kani inabaki njia ileile: kila kipande cha waya kinasukumwa mbele, au vyote nyuma. Hakuna pacha wa kumpinga mwenzake. Hapo ndipo unaruhusiwa kuzidisha kwa mzingo wote, na hapo tu. Fundi wa kwanza kuliwaza umbo hilo alistahili pilau.

Mleta uzi, wewe ulichukua hesabu ya spika ukaipeleka pembeni ya waya mrefu.

#24 spika_za_uwani

Asante mwalimu. Ndiyo maana spika ikidondoshwa nguzo ikahama kidogo tu, koili inaanza kukwaruza upande mmoja. Nilikuwa najua inakwaruza, sikuwahi kuwaza kwamba ule mwanya ndio unaoifanya ipige.

#25 Bapa_na_Pembe

Ngoja niweke kitu kimoja kitakachowakusanya wote: waya mrefu, mota, spika. Hesabu mistari ya sumaku inayopita ndani ya kitanzi, yaani flaksi. Kisha jiulize: nikikisogeza kitanzi kidogo bila kukizungusha, flaksi inabadilika kwa kiasi gani?

Kani = mkondo × (badiliko la flaksi ÷ umbali uliokisogeza)

Uga ulio sawa kila mahali: sogeza unavyotaka, flaksi ni ileile. Kani sifuri.

Pembeni ya waya mrefu: sogea karibu, flaksi inaongezeka haraka. Sogea mbali, inapungua polepole. Ndiyo maana ulipokipeleka kitanzi sm 10 kani ilianguka kutoka 2.5 × 10⁻⁴ mpaka 3 × 10⁻⁵.

Spika: koili ikisogea mbele milimita moja, mistari yote ya kwenye ukanda huo wa mwanya, pande zote za duara, inakatwa. Ukanda huo una eneo la mzingo × milimita moja. Gawanya kwa milimita, unabaki na B × mzingo. Mzingo wa mleta uzi umerudi wenyewe, safari hii una sababu.

#26 Kibaraza_cha_Pwani

Mimi wa mchepuo wa biashara nimeelewa hili. Kitanzi hakijali una sumaku nyingi kiasi gani, kinajali kama kwa jirani ni zaidi au pungufu. Kama watu tu.

#27 MtotoWaMwanjelwa

Wakuu nataka niione kwa macho, nimechoka kuamini. Gereji nina betri ya volti 12, balbu za pikipiki za wati 35, waya wa kusukia upo kwa fundi jirani. Kuna jaribio naweza kufanya bila maabara?

#28 Mwl_Mstaafu

Lipo, na ni la raha. Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijiti. Tafuta sumaku mbili bapa, zibandike ndani ya kipande cha chuma kilichokunjwa kama U, zitazamane kwa ncha tofauti, ziache mwanya. Weka juu ya mizani, lakini katikati weka kibao cha mbao chenye unene wa vidole vitatu ili sumaku isichezee vyuma vya mizani.

Suka koili ya mstatili, mizunguko 20, upana sm 4, kimo sm 3. Itundike kwenye kitu kisichogusa mizani. Ishushe mpaka upande wa chini tu uingie kati ya sumaku, upande wa juu ubaki nje. Unganisha na betri kupitia balbu. Balbu ndiyo itakayozuia mkondo usizidi: 35 ÷ 12 ni karibu 2.9 A. Usiunganishe koili moja kwa moja na betri, utaiunguza na vidole vyako pia.

Koili ikisukumwa juu, sumaku inasukumwa chini kwa kiasi kilekile, mizani inasoma zaidi. Geuza nyaya za betri, isome pungufu. Pande mbili za wima usizihofie, zinasukumana kulia na kushoto, mizani haioni.

#29 Fundi_Koili

Mwangalie asije akaunganisha balbu sambamba badala ya mfululizo. Nimeona vijana.

#30 MtotoWaMwanjelwa

Nimerudi baada ya siku nne. Mizani nimeazima kwa mama bila kumwambia.

Upande wa chini peke yake ndani ya uga: usomaji umepanda gramu 19. Nimegeuza nyaya: umeshuka gramu 19. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja.

Hesabu: 0.019 × 9.8 = 0.186 N. F = N × B × I × L, kwa hiyo B = 0.186 ÷ (20 × 2.9 × 0.04) = 0.08 T. Sumaku zangu nazijua sasa.

Halafu nikaishusha koili taratibu mpaka pande zote mbili, juu na chini, zikazama kati ya sumaku. Gramu 19 zikawa 11, zikawa 6, zikaishia 2. Waya uleule, mkondo uleule, balbu inawaka vilevile. Kwa njia yangu ya mzingo ingetakiwa izidi, maana waya mwingi zaidi umeingia.

Swali: kwa nini 2 na si sifuri?

#31 Bapa_na_Pembe

Kwa sababu uga wako hauko sawa kila mahali. Upande wa juu uko karibu na ukingo wa sumaku, pale uga umeanza kulegea, kwa hiyo unapinga kidogo kuliko upande wa chini unavyosukuma. Hizo gramu 2 ndiyo tofauti yao.

#32 Mwl_Mstaafu

Sina la kuongeza, isipokuwa swali la mwisho, tuone kama umepona. Rudi kwenye waya mrefu wa 30 A na kitanzi chako cha 5 A. Safari hii waya una ganda, na unapita juu ya kitanzi katikati kabisa, sambamba na pande ndefu. Kila upande mrefu uko sm 5 kutoka kwenye waya, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kani ni kiasi gani?

#33 NyukiMkali

Sifuri. Uga wa kushoto unatoka juu, wa kulia unaingia chini, flaksi inamalizana. Hili sikosei.

#34 MtotoWaMwanjelwa

Nyuki, ungeniuliza wiki iliyopita ningekuunga mkono. Flaksi kweli ni sifuri, lakini Bapa alisema tuangalie badiliko lake, na ukisogeza kitanzi kidogo kulia, upande wa kulia unapata eneo zaidi na wa kushoto unapungukiwa. Inabadilika.

Nimefanya upande kwa upande, waya unapanda juu ya karatasi. Upande wa kushoto mkondo unapanda kama wa waya, unavutwa kwenye waya: kani inaelekea kulia. Upande wa kulia mkondo unashuka, unasukumwa na waya: nayo inaelekea kulia! Hazimalizani, zinasaidiana kama kwenye spika. Uga umegeuka na mkondo umegeuka.

Kila mmoja: B = 6 × 10⁻⁶ ÷ 0.05 = 1.2 × 10⁻⁴ T, F = 1.2 × 10⁻⁴ × 5 × 0.2 = 1.2 × 10⁻⁴ N. Pande fupi zinamalizana, nimekagua nusu kwa nusu.

Jumla 2.4 × 10⁻⁴ N, kuelekea kulia.

#35 Mwl_Mstaafu

Sahihi, na safari hii umeandika mwelekeo. Mrudishie mama mizani yake.

#36 MtotoWaMwanjelwa

Imesharudi. Ila inasoma gramu 3 ikiwa tupu, na kesho anapima unga wa maandazi ya oda.